Kijana Aliyeachwa Shambani

Somo: 1 Samweli 30:1–25
Jumapili ya Vijana, ibada ya pili. Mahubiri ya Mchungaji Msaidizi.

 

Katika zile karatasi za maombi mnazoweka kwenye kikapu kila Jumapili, kuna ombi moja ambalo halikosi. "Mchungaji, ombea kijana wangu apate kazi." Tunaliombea, na tutaendelea kuliombea. Lakini leo nataka tujiulize: hiyo kazi tunayoomba huwa inaanzia wapi? Wengi wetu tunadhani inaanza siku kijana anapomaliza mtihani wa KCSE na kuvaa shati safi kwenda kutafuta. Neno la leo linatuonyesha kwamba ilianza zamani kabla ya hapo.

Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi na kukuta mji ni majivu. Waamaleki wameuchoma, wamebeba wake na watoto. Watu wanalia mpaka nguvu za kulia zinaisha. Daudi anamuuliza Bwana, na Bwana anamwambia awafuate, maana atawapata na kuokoa wote. Wanatoka. Wakifika kijito cha Besori, watu 200 wamechoka kabisa, wanabaki. Wale 400 wanaendelea, na huko shambani wanamkuta kijana Mmisri amelala. Hajala wala kunywa maji siku tatu, mchana na usiku. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki mmoja. Aliugua, bwana wake akamwacha hapo.

Angalia jambo hili. Daudi tayari alikuwa na ahadi ya Mungu. Alichokosa ni njia. Na aliyeijua njia alikuwa kijana mgonjwa ambaye mtu mwingine alimwona hana faida tena. Jeshi lingempita pale, lingekuwa na ahadi mkononi na bado lisijue lielekee wapi. Mwambie jirani yako: usimpite kijana.

1. Alipoteza kazi kwa sababu ya mwili

Kijana huyu hakuiba. Biblia haisemi alikuwa mvivu. Aliugua tu. Bwana wake alikuwa katika kundi lililotoka kuteka nyara nyingi, na tukisoma mbele tunaona walikuwa na ngamia, lakini nafasi ya mgonjwa mmoja juu ya ngamia ilikosekana.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Inasema mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo kazini, akiugua na akaleta cheti cha daktari, apewe angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika mwaka. Ni sheria nzuri. Lakini vijana wetu wengi huku mashinani ni vibarua wa kutwa: kukata miwa, kupakia mchanga, mjengo, kuendesha boda boda ya mtu mwingine. Kijana kama huyo akishikwa na malaria Jumatatu, Jumanne nafasi yake ina mtu. Kwake yeye mwili ndio shamba, ndio duka, ndio ofisi. Mwili ukifungwa, kila kitu kimefungwa.

Hata kazi za kuandikwa zinaanza na mwili. Mmeona siku ya kusajili makurutu wa jeshi uwanjani. Kijana anapimwa urefu na uzito, anakaguliwa meno na miguu, anakimbia, cheti cha KCSE kikiwa mkononi. Anayetaka kazi jikoni hotelini lazima awe na cheti cha afya. Yaani kabla hujaulizwa unajua nini, mwili wako umeshaulizwa maswali.

Na huo mwili haukujengwa asubuhi ile. Ulijengwa akiwa tumboni, akiwa na miaka miwili, akiwa darasa la tatu. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na kule tulifundishwa kwamba duka halifungi siku rafu zinapokuwa tupu. Lilianza kufunga siku mwenye duka alipoanza kula mtaji. Wapendwa, afya ya mtoto ni mtaji. Kuna nyumba ambazo mtaji unaliwa mapema, halafu kijana akifika miaka ishirini tunaingia mfungo kuomba faida.

2. Daudi alitoa mkate kabla ya kuuliza swali

Soma mstari wa 11 na wa 12 pole pole. Daudi ana haraka. Familia yake imetekwa. Lakini watu wake wanampa kijana mkate na maji, kisha kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu. Roho yake inamrudia. Ndipo mstari wa 13 Daudi anamuuliza yeye ni wa nani na ametoka wapi. Chakula kwanza, mahojiano baadaye.

Sisi huku nyumbani tunageuza mpangilio. Tunamuuliza mtoto, "Mbona umekuwa wa mwisho darasani?" kabla hatujajiuliza alikula nini asubuhi. Tunamwita mzito wa kichwa, na kumbe haoni ubaoni na anahitaji miwani.

Jambo hili lilipimwa, na halikupimwa ng'ambo. Lilipimwa hapa Busia kwetu. Mwaka 1998, katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalang'i, wanafunzi walianza kupewa dawa za minyoo na kichocho. Shule hazikuanza pamoja. Kundi moja lilitangulia, lingine likafuata mwaka wa pili, na la mwisho likaingia mwaka 2001. Hivyo watafiti Michael Kremer na Edward Miguel wakaweza kulinganisha. Katika shule zilizopata dawa, kukosa shule kulipungua kwa kama robo. Baadaye watoto hao walifuatiliwa hadi wakawa watu wazima. Matokeo ya miaka 20 yalitolewa mwaka 2021: wale waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa wanapata asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi. Kremer ndiye yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, kwa kazi ya namna hii kuhusu umaskini.

Sasa nifanye hesabu ya sokoni. Tuseme kijana mmoja analipwa shilingi 500 kwa siku, na mwenzake anayefanya saa zile zile anapata asilimia 13 zaidi, yaani shilingi 565. Tofauti ni shilingi 65 tu. Lakini kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 1,690. Kwa mwaka ni shilingi 20,280. Na dawa yenyewe iligharimu chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Mzazi, siku ile ya dawa za minyoo shuleni, unapomficha mtoto nyumbani kwa sababu ya uvumi wa kijijini, hesabu hii ndiyo unayoifuta.

Kuna jambo la chakula pia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Kilifi ni asilimia 37. Udumavu maana yake mtoto amekosa lishe bora kwa muda mrefu mpaka kimo kimebaki nyuma, na mara nyingi hata akili inachelewa. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zinazoamua mengi. Na hapa kwetu mboga za kienyeji zipo, omena ipo, kuku wapo. Shida ni kwamba mayai yote yanaenda sokoni, na pesa inarudi ikiwa soda ya wageni. Mama, acha yai moja nyumbani. Hilo nalo ni ombi la kazi.

Malaria nayo tunaijua sisi watu wa karibu na ziwa. Busia ni moja ya kaunti 8 za magharibi zilizoanza kupata chanjo ya malaria kwa watoto kuanzia mwaka 2019. Inatolewa miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya miezi 24 ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na mama anaona kliniki imeisha. Haijaisha. Angalia kile kitabu cha mtoto leo jioni.

Imani na dawa

Hapa lazima niseme wazi, maana sisi ni kanisa linaloamini uponyaji. Mimi nimewekea watu mikono na nimeona Mungu akiponya. Siondoi hata nukta moja. Lakini kumbuka Mfalme Hezekia, 2 Wafalme 20. Aliugua hadi kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akajibu ombi. Baada ya Mungu kujibu, Isaya akaagiza ule mkate wa tini uletwe, uwekwe juu ya jipu. Ombi lilijibiwa, na tini zikatumika. Tini zile zile tunazoziona mkononi mwa watu wa Daudi.

Kwa hiyo mtoto mwenye kifafa aombewe na anywe dawa zake. Mwenye selimundu aombewe na asikose kliniki. Anayetumia dawa za TB au za kila siku asiziache kwa sababu alihisi moto kwenye mkesha. Kama Mungu amemponya, daktari atapima na ataona, na sisi tutatoa ushuhuda tukiwa na karatasi mkononi. Mwaka 2023 nchi yetu iliona Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Baada ya hayo, hakuna mhubiri nchini anayeruhusiwa kunyamaza juu ya jambo hili, na mimi sitanyamaza.

3. Alipopata nguvu, alichokijua kikawa kazi

Mkate peke yake haungemrudishia Daudi familia yake. Kijana aliposhiba, Daudi alimuuliza kama anaweza kumpeleka hadi kwa lile kundi. Na kijana aliweza, kwa sababu alijua njia, alijua kambi, alijua tabia za wale watu. Afya ilimsimamisha, maarifa yakamwandikisha kazi. Ukimpa mtoto afya bila elimu, umempa nguvu za kubeba mawe ya watu wengine maisha yote. Ukimpa elimu bila afya, umemwekea cheti kizuri kitandani.

Najua kuna wanaosema, "Mchungaji, elimu imekuwa bure siku hizi. Fulani ana digrii na anaendesha boda boda." Ni kweli wapo. Mimi pia nilizunguka na bahasha ya vyeti muda mrefu. Na viongozi wetu wana deni la barabara, stima na viwanda huku mashinani, tusiwaachilie deni hilo. Lakini Daudi hakumuuliza yule kijana ana karatasi gani. Alimuuliza anaweza nini. Shule ni mahali pa kumfanya mtoto aweze jambo. Tukifuata karatasi tu, tutapata karatasi tu.

Katika KCSE ya mwaka 2024, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391, kama robo ya watahiniwa wote. Robo tatu hawakufika hapo. Je, hao robo tatu tumewaacha shambani? Kuna mzazi hapa ambaye kijana wake alipata D, na tangu siku hiyo hataki hata watu waulize matokeo. Baba, mama, sikieni: diploma inachukua C-, cheti kinachukua D, na kozi za artisan katika vyuo vya kiufundi zinachukua hata mwenye E. HELB inakopesha wanafunzi wa vyuo hivyo pia. Kuchomelea, stima, mabomba, ushonaji, upishi, kutengeneza pikipiki, hizo ni kazi zinazohitajika sokoni hapa hapa.

Na wewe uliyejifunza ufundi kwa mikono, miaka kumi chini ya mwembe bila cheti, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA. Unaanza gredi ya III, unapanda ya II, kisha ya I. Mkandarasi anayejenga shule au barabara akikuuliza cheti, utakuwa nacho.

Sasa neno kwa ajili ya mabinti. Uchunguzi ule wa mwaka 2022 unasema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kupata mimba. Hapa afya na elimu zinavunjika siku moja. Na sisi tunafanya nini? Msichana anaondolewa kwaya, anafukuzwa nyumbani, shule inasahaulika, na yule mwanamume aliyempa mimba bado anakuja kanisani na kukaa viti vya mbele. Wapendwa, dhambi tuiite dhambi. Lakini mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unasema msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi shuleni. Je, serikali iwe na rehema kuliko kanisa? Yule Mwamaleki alimwacha kijana siku alipokuwa dhaifu. Tukimwacha binti siku yake ya udhaifu, tofauti yetu na Mwamaleki ni ipi? Amina yenu imekuwa ndogo hapo, lakini nitasonga mbele.

4. Waliochoka nao walipata fungu

Mwisho. Daudi aliokoa wote, mkubwa kwa mdogo. Waliporudi Besori, watu wengine walisema wale 200 waliochoka wasipewe nyara. Daudi akakataa. Aliyekwenda vitani na aliyebaki na mizigo wakagawana sawa, na ikawa sheria katika Israeli.

Kuna vijana wetu wa miaka 28, 30, waliochoka. Waliacha shule kwa sababu ya karo, au mguu ulivunjika kwenye ajali ya boda boda, au chang'aa iliwachukua miaka. Wanakaa pale senta, na sisi tunapita tukienda ibada. Hawa bado ni wa jeshi la Bwana. Wana fungu. Na ninyi mlio na kazi Nairobi na Kisumu, mnaokuja nyumbani Desemba, mlichopata huko si chenu peke yenu. Kuna mtu alibaki na mizigo ili ninyi mwende.

Jambo lililo mbele yetu

Mwezi ujao tutakutana kama kanisa kuamua sadaka ya mavuno itumike vipi. Mnajua kuna mpango wa spika mpya, na mimi ni wa kwanza kukubali kwamba hizi za sasa zinakoroma. Hata hivyo nimewaomba wazee tulete hoja hii mbele yenu: nusu ya sadaka hiyo iwe mfuko wa vijana. Spika zingoje. Mfuko huo ulipe ada ya mtihani wa NITA, miwani, nauli ya kliniki, na karo ya muhula wa kwanza kwa anayeitwa chuo cha ufundi.

Ili tusitoe kwa kupendelea sura, tuwe na daftari. Kila ushirika wa nyumbani uandike vijana wake wote wa miaka 13 hadi 30, waliookoka na wasiookoka. Mbele ya kila jina, maswali mawili: Mwili wake ukoje? Anajifunza nini? Mambo ya ugonjwa yabaki siri kati ya familia na mtumishi, yasisomwe hadharani. Asiyejiandikisha SHA asaidiwe kupiga *147# kwenye simu. Ukishajiandikisha, huduma ya msingi kwenye dispensari na kituo cha afya haipaswi kulipiwa. Kwa hospitali kubwa, lazima michango iwe imelipwa, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Chama cha akina mama kinaweza kuweka hiyo kidogo kidogo. Mnaweka ya sufuria, mtashindwa na ya afya?

Jumapili ya hoja, njooni. Wanaopinga waje pia, tusemezane kama ndugu.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tunakuletea vijana wa vijiji hivi. Wengine wamelala njaa, wengine wameugua kimya kimya, wengine wamefunga vitabu na hawajui wataanza wapi. Fungua macho yetu tusiwapite. Utupe mkono wa kutoa kabla ya mdomo wa kuuliza. Ponya miili yao, bariki mikono ya wauguzi na walimu wao, na uwafungulie milango ya kazi ambayo tumewaandaa kuingia. Amina.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni kijana gani wa karibu na nyumba hii ambaye tumempita? Nani ataenda kumwona kabla ya Jumapili?
2. Je, kuna mtoto kwetu aliyekosa chanjo, dawa za minyoo au kliniki yake? Tatizo lilikuwa nini?
3. Msichana akirudi shuleni baada ya kujifungua, nani katika ushirika wetu atabaki na mtoto saa za masomo?